Kielelezo Nilichokiacha Shuleni

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya kazi za serikali. Nilimwomba aniruhusu nizungumze jambo jingine, nalo ni hicho kitu kilichofunikwa kitambaa pale mezani. Wenzangu wa darasa langu huenda wameshakisia.

Wengi wetu tuliolelewa katika milima hii tulianza kuwa mafundi kabla ya kujua kusoma. Tulitengeneza magari ya waya, na malori ya mlingoti wa mkonge uliokauka, maana mti ule ni mwepesi na hukatika kwa kisu kama muhogo. Tulipokuja hapa, mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha jambo ambalo hatukulijua: kwamba kuna tofauti kati ya kitu kinachofanana na gari, na kielelezo cha gari. Kielelezo kina kipimo. Ukisema sentimeta 1 ni mita 50, basi iwe hivyo mbele na nyuma, juu na chini.

Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, mimi na mwenzangu mmoja kutoka Shume tuliamua kutengeneza kielelezo cha njia ya kamba ya Mkumbara kwa ajili ya siku ya wazazi. Kwa faida ya wasioifahamu, nitaieleza kwa ufupi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kuelekea Moshi. Juu ya milima, Shume, kulikuwa na msitu wa mitarakwa, mti unaofaa kwa kalamu za risasi na kwa ujenzi. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese iliutaka mti huo, lakini kati ya msitu na reli kulikuwa na genge la kutisha. Basi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikajengwa njia ya kamba za chuma kupita hewani, kutoka mahali walipopaita Neu-Hornow huko Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Mitambo ilitoka kwa Bleichert wa Leipzig, mafundi waliojulikana duniani kwa kazi hiyo. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 9, na kutoka juu hadi chini zaidi ya mita 1,400. Kulikuwa na kamba nene isiyokwenda, ambayo magurudumu ya vibebeo yalitembea juu yake, na kamba nyembamba iliyovivuta.

Mwenzangu alikuwa amesimuliwa habari hizo na wazee wa kwao. Mimi nilikuwa na mikono myepesi zaidi. Tukagawana kazi: yeye apime, mimi nijenge.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Kielelezo kilipofika nusu, mimi niliona mlima haupendezi. Nilitaka wazazi washangae. Kwa hiyo nikaongeza matabaka, mlima ukawa mrefu mara tatu ya ulivyotakiwa, halafu nikaandika kwenye kibao: “Kipimo 1:5,000”. Ndugu zangu, kuinua mlima katika kielelezo si kosa. Wachora ramani hufanya hivyo, ila husema wazi kwamba kimo kimezidishwa. Mimi sikusema. Mwenzangu alisoma kibao akaniambia, “Hiki kibao kinasema uongo. Ama ukibadilishe, ama uondoe jina langu.” Nikaondoa jina lake. Tulipata zawadi ya kwanza. Nasema “tulipata”, lakini niliyekwenda mbele kuipokea ni mimi peke yangu.

Baada ya hapo sikugusa tena kazi ya vielelezo. Nilijiambia ni mitihani. Kisha ikawa Chuo Kikuu, kisha ajira, ndoa, watoto, uhamisho. Mwenzangu alikwenda kwenye ualimu. Tulionana mara chache kwenye mikutano hii, tukacheka na kuulizana habari za nyumbani, na jambo lile hatukulitaja. Mwaka 2021 nililetewa habari kwamba amefariki. Nilikuja mazikoni Shume, na niliporudi Dodoma nikakuta sina raha.

Mwaka uliofuata, mwanangu alipewa na mwalimu kazi ya kutengeneza kielelezo cha mlima. Akaniomba fedha akanunue kilichokwisha kutengenezwa. Nikamwambia, lete maboksi. Hivyo ndivyo nilivyorudi, baada ya miaka 26.

Msidhani mikono inakumbuka kila kitu. Jioni ya kwanza nilijikata kidole kwa wembe. Jioni ya pili niligundua kwamba mistari ya ramani siioni sawasawa, nikaenda kupimwa miwani. Lakini wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kielelezo cha mtoto kilipokwisha, nilianza changu.

Nawaeleza vijana jinsi nilivyofanya, maana gharama yake ni ndogo na mnaweza kufanya wenyewe. Nilichukua ramani ya kipimo cha 1:50,000. Ili kupata 1:5,000 ni lazima kila kitu kikuzwe mara kumi. Mraba wa kilomita moja, ambao kwenye ramani ni sentimeta 2, nikauchora sentimeta 20 kwenye ubao. Njia ya kilomita 9 ikawa mita 1 na sentimeta 80. Kisha kimo. Nilipanga vipande kumi vya boksi na kuvipima kwa rula. Vikafika sentimeta 4, yaani kila kipande milimeta 4. Kwa kipimo chetu, milimeta 4 ni mita 20 za mlima. Basi kila tabaka la boksi likawa mita 20, na matabaka yakazidi 70.

Hapo nikafanya kosa la uvivu. Nilitumia uji wa unga wa ngano kuwa gundi, kama tulivyofanya utotoni. Maboksi yakanywa maji na kuvimba. Nilipopima matabaka kumi yaliyokauka nikakuta yamefika karibu sentimeta 4 na nusu. Nilikaa nikiyatazama. Hakuna ambaye angejua. Mke wangu aliniambia, “Si umeshamaliza nusu?” Nikabandua yote. Nilianza upya kwa gundi ya maseremala, nikiipaka kidogo tu na kukandamiza kwa matofali usiku kucha. Kosa lile lilinila miezi miwili.

Shida ya pili ilikuwa nguzo. Kwa kipimo cha 1:5,000, nguzo ya mita 20 ni milimeta 4, na gogo halionekani kabisa. Ukiliweka gogo la kuonekana, umerudi kwenye uongo. Basi nguzo nilizifanya kwa pini, na kamba ni uzi mmoja mmoja wa katani ya mkoa wetu. Kibebeo na gogo lake nilivitengeneza kando, kwa kipimo cha 1:20, ambapo gogo la mita 6 huwa sentimeta 30. Kila kimoja kina kibao chake.

Kabla ya kupaka rangi nilichukua likizo nikaenda Mkumbara. Nilisimama karibu na reli nikatazama juu. Nyika imelala tambarare kabisa, kisha ghafla ukuta unasimama mbele yako. Niliporudi na kuinamisha kichwa nikitazama kielelezo usawa wa meza, nikauona ukuta uleule. Sentimeta 28 tu, lakini ulikuwa unatisha. Mlima haukuhitaji msaada wangu. Mwenzangu alilijua hilo akiwa na miaka 16. Mimi nimelijua nikiwa na zaidi ya 40.

Ndugu zangu tulio katika utumishi wa umma, hili halitupati katika maboksi peke yake. Mimi kazini hutia sahihi taarifa. Mara ngapi tarakimu hupandishwa kidogo ili wakubwa wafurahi, na kibao kikabaki vilevile? Tangu nianze kazi hii tena, ninapoletewa taarifa huuliza: hiki kipimo, nani alikipima? Siwezi kusema swali hilo limeniongezea marafiki. Lakini mara mbili limeturudisha uwandani, na mara zote mbili tulikuta tuliyoyaandika siyo.

Na kwa vijana nina ombi moja. Njia ile ya kamba ilishusha magogo, na vibebeo vikapanda bila magogo. Nimeona kwamba sisi tuliosoma hapa tumefanana nayo sana: tulishuka tumejaa, tunapanda mara moja kwa mwaka mikono mitupu, tunakula wali wenu na kuondoka. Leo sikutaka kupanda mtupu. Kielelezo hiki naiachia shule. Ila sikileti ili kitazamwe kwenye kabati la kioo. Chukueni ramani, chukueni rula, mkipime. Mkikuta nimekosea, rekebisheni, mwandike na tarehe.

Kwenye kibao nimeandika majina mawili. La kwanza ni la mwenzangu. Mkuu wa Shule ameniahidi kwamba mtu wa nyumbani kwake aliyekuja leo ndiye atakayeondoa kitambaa. Basi namwomba mama asogee mbele.