Maziwa ya Nyuki na Wenye Pumu

Msikilizaji, maziwa ya nyuki yanauzwa kwenye vidonge, vichupa na krimu za uso kwa sifa tele, nyingine zikiuzidi ushahidi uliopo. Leo tuzungumzie upande ambao wauzaji hawautaji.

Maziwa haya ni ute mweupe, mchachu, utokao kwenye tezi za kichwani mwa nyuki wafanyakazi wachanga. Majana yote hulishwa ute huu siku chache za mwanzo. Lile litakalokuwa malkia huendelea kulishwa ute huo. Protini nyingi za maziwa haya ni za ukoo mmoja, zimepewa namba, na zinazohusishwa zaidi na mzio ni namba 1 na namba 2. Ndugu zao, namba 8 na 9, zimo hata kwenye sumu ya nyuki.

Kinga ya mwili ikizichukulia protini hizo kama adui, ngozi huwasha na kutoka vipele, midomo hufura, kifua hubana. Kwa mwenye pumu hali hubadilika haraka mno. Huko Australia, msichana wa miaka 11 mwenye pumu alifariki baada ya kuyatumia maziwa haya. Siku hizi sheria yao inataka lebo iseme wazi kwamba, kwa nadra, bidhaa hii huua. Na bado wauzaji husema eti “ni ya asili”, kana kwamba sumu ya nyoka inatoka kiwandani!

Ukiwa na pumu au mzio, achana nayo. Na ukiyatumia kisha pumzi zikaanza kubana, usisubiri kupambazuke. Kimbilia hospitali.