Haki Katika Kazi za Pamoja
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama wa jikoni)



Tumeombwa tuseme machache juu ya haki katika kazi za pamoja. Hisa na mikopo havitupi shida. Kila mtu ana kitabu chake na hesabu husomwa mbele ya wote. Shida iko jikoni. Tangu tuanze kuchukua tenda za mapishi ya harusi, manung'uniko yamekuwa mengi kuliko masufuria. Aliyefika alfajiri kukuna nazi anamwona mwenzake akiingia saa nne, kanga imenyooka, halafu jioni posho sawasawa. Na huyo wa saa nne naye ana lake: ndiye aliyezunguka siku tatu kuitafuta tenda, nauli ikimtoka mfukoni. Sasa nani kapunjwa?

Hayo hayakuanzia kwetu. Mwaka 1968 akina mama walioshona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford kule Dagenham, Uingereza, waligoma wiki tatu mpaka kazi ya kiwanda ikasimama. Walikuwa wakilipwa asilimia 85 tu ya mshahara wa wanaume wa daraja lao. Wakarudi na asilimia 92, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya malipo sawa. Fedha iliongezeka, lakini dukuduku halikwisha. Kwa nini? Walipimwa ushonaji kabla ya kuajiriwa, kisha wakaandikwa kuwa wana ujuzi mdogo! Daraja lao halikupandishwa mpaka walipogoma tena mwaka 1984. Miaka 16, jamani.

Hapa kwetu wenzetu wawili waoshaji wa masufuria wamejitoa jikoni, ingawa hisa zao bado zipo. Tulipokwenda kuwaona hawakutaja shilingi hata moja. Walisema, "Mlipanga posho, sisi hatukuulizwa."

Basi tunaomba hivi: kabla masufuria hayajainjikwa, tukae, tuzitaje kazi zote, kuosha vyombo na kutafuta tenda zikiwemo, tukubaliane posho ya kila moja, na Katibu aandike. Atakayepata kidogo ajue ni kwa nini, na awe amesema lake. Tutabishana, hilo halina budi. Tenda ijayo ni Jumamosi, kwa hiyo tukutane Alhamisi saa kumi. Wale wenzetu wawili tumewaalika, na wamesema watakuja.