Njia ya Kumfuata Mwenzi Ng'ambo
(Hotuba ya Halmashauri, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Magwagwa)



Halmashauri ilipokutana kupanga mambo ya mkutano huu, ilionekana kwamba hakuna shauri lililoletwa mbele yetu mara nyingi mwaka huu kupita shauri la mume na mke waliotengwa na bahari. Mmoja yuko Marekani au Uingereza, na mwenzake yuko hapa Magwagwa akingoja. Tumepewa kazi ya kueleza jinsi njia hiyo ilivyo, nasi twaomba msikilize kwa subira, kwani njia yenyewe ni ndefu kuliko hotuba yetu.

Kutengana kwa ajili ya kazi si jambo geni kwetu. Baba na babu zetu walikwenda Kericho kuchuma chai, na wengine Nairobi na Mombasa, wakiwa na kipande shingoni, nao wake zao walibaki kupalilia wimbi na mahindi. Lakini Kericho si mbali. Mke akichoka kungoja alimbeba mtoto mgongoni akaenda kumtafuta mumewe, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza cheti cha ndoa njiani. Minnesota haiendwi hivyo. Watu wa Gusii ni wengi huko leo, hasa katika miji iliyo kandokando ya Minneapolis. Wako Texas pia, na wako Uingereza. Mlango wa nchi hizo una bawabu, na bawabu huyo hajui ukoo wetu wala hajamwona mzee yeyote wa Magwagwa. Ajua karatasi tu.

Kwa hivi twataka kusema neno moja kwa nguvu. Safari ya viza haianzii penye lango la ubalozi kule Gigiri. Yaanzia hapa kwetu, siku ng'ombe wanapofungwa kamba kupelekwa kwa wakwe. Maombi mengi tuliyoyaona yakikwama yalikuwa yamekwisha kupata kasoro humu nyumbani, kabla fomu ya kwanza haijajazwa.

Sisi Abagusii twajua ndoa ni nini. Mwaka wa 1950 Bwana Philip Mayer aliandika kitabu kizima juu ya sheria na desturi za mahari yetu, na wazee waliokuwako wakati ule wangeweza kumfundisha mengi zaidi. Ng'ombe wakiisha kupokelewa, mwanamke ni mke wa nyumba ile, na watoto ni wa nyumba ile. Serikali ya Kenya haikukataa jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 yaikubali ndoa ya kimila sawa na ile ya kanisani, tena yasema kwamba pale desturi itakapo mahari ili kuthibitisha ndoa, kutoa sehemu yake tu kwatosha. Lakini sheria hiyo hiyo yataka wenye ndoa wamjulishe Msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, waandike tamko kwamba mambo ya mila yametimizwa, na mashahidi wawili watu wazima, walioshika nafasi kubwa katika mila hiyo, watie sahihi. Kisha mume na mke wote wawili wafike mbele ya Msajili wenyewe ili wapewe cheti. Walioana kabla ya sheria hii nao walitakiwa kuandikisha ndoa zao. Asiwepo mtu wa kudhani kwamba kuishi miaka ishirini pamoja ni cheti. Mahakama ya Juu ilinena mwezi wa Januari 2023 kwamba kudhania ndoa kwa sababu ya kukaa pamoja ni jambo la kutumiwa kwa nadra sana.

Sasa twaja kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo lawahusu wazee kuliko vijana. Kijana yuko Marekani, hana likizo, au karatasi zake hazijakaa sawa hata aweze kutoka na kurudi. Atuma fedha. Ndugu yake asimama mahali pake, bibi arusi avishwa, mbuzi wachinjwa, picha zapigwa, na siku hizi simu huwekwa juu ya meza ili bwana arusi aone karamu yake mwenyewe akiwa amevaa koti la baridi. Twaondoka tumeshiba, tukisema tumeoza. Wazee wetu, hatukuoza. Sheria yetu ya 2014 yasema ndoa ambayo mmoja wa waoanao hakuwapo kwenye sherehe ni batili. Nayo sheria ya uhamiaji ya Marekani haimhesabu kuwa mume au mke mtu aliyeozwa pasipo wawili hao kuwa mahali pamoja, isipokuwa kama baadaye walikutana wakakaa kama mume na mke. Msichana wa watu aachwa amekaa kwa wakwe, akiitwa mke na kijiji kizima, na mbele ya afisa hana jina. Tumeona wasichana wakikaa hivyo miaka mitatu, minne. Hawawezi kwenda wala kurudi kwao, kwani ng'ombe wamekwisha kuliwa.

Hatusemi wazee wasipeleke ng'ombe mwenye kuoa akiwa mbali. Hiyo ni desturi, tena ni njema. Twasema sherehe yenyewe ya kukamilisha ndoa ingoje mpaka kijana aje kwa miguu yake, hata kama ni kwa majuma mawili, na katika majuma hayo mawili waende kwa Msajili pamoja kabla ya kuzunguka kwa mashangazi. Na picha zipigwe zenye wazee wa pande zote mbili, si bwana na bibi peke yao mbele ya maua. Afisa huuliza nani alikuwapo, nani alipokea mahari, mlijuana vipi, mkwe wako aitwa nani. Bibi mmoja wa hapa kwetu aliulizwa idadi ya ndugu wa mumewe akababaika. Si kwamba alidanganya, bali hakuwahi kuwaona wote.

Jambo la pili la nyumbani ni majina. Mtoto azaliwa aitwe Kwamboka kwa ajili ya bibi yake, abatizwe jina jingine, mwalimu aandike Kwamboga, na kitambulisho kitolewe kwa jina la ubatizo na la baba. Akiolewa, aongezwa la mume. Karatasi nne, watu wanne! Tena waliozaliwa kabla Nyamira haijatengwa na Kisii wana vyeti vyenye jina la wilaya ya zamani, na hilo halina kosa, bali lieleweke na lielezwe vivyo hivyo katika kila fomu. Kosa la herufi latengenezwa kwa hati ya kiapo au kwa kurekebisha cheti chenyewe, na laanza kutengenezwa kabla ya kuomba pasipoti katika ofisi ya Kisii, si baada ya hapo.

Nyumbani kukiisha kuwa sawa, njia ya Marekani ni hii. Aliye kule ndiye afunguaye ombi, katika fomu iitwayo I-130, akithibitisha ndoa. Ada iliyowekwa mwezi wa Aprili 2024 ilikuwa dola 675 kwa fomu ya karatasi, na dola 625 kwa njia ya mtandao. Aliye raia wa Marekani, mwenzi wake hapangi foleni ya idadi ya mwaka. Aliye na kadi ya ukaazi tu, mwenzi wake hungoja zamu, na zamu hiyo husogea au hukwama. Hapa wengi hupotea kwa jambo la watoto. Raia akimwombea mkewe, mtoto hafuatani na mama yake katika ombi lile; kila mtoto hufunguliwa ombi lake. Mtoto wa kambo naye huhesabiwa ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Ombi likikubaliwa, mambo huenda kwenye kituo cha viza kilichoko New Hampshire, ambako hulipwa ada nyingine na hupelekwa vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa na cha polisi. Baada ya hapo huja daktari aliyeidhinishwa, kule Nairobi, na mwisho kabisa mahojiano Gigiri.

Katikati ya hayo kuna karatasi ya udhamini, nasi twaomba wazee waisikilize vizuri, maana ninyi ndio mpigao simu usiku kumwambia mpwa wenu, "Mtilie sahihi mwenzako." Aliye kule hana budi kuonyesha mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao. Kama hayatoshi, mtu mwingine mwenye uraia au ukaazi aweza kudhamini pamoja naye. Lakini sahihi hiyo si ya adabu tu. Yamfunga mdhamini kumtunza aliyekuja mpaka awe raia, au ahesabiwe kazi ya robo arobaini za mwaka, yaani kama miaka kumi. Na wale wawili wakiachana, mdhamini bado amefungwa. Kijana akikataa kutia sahihi, asiitwe mwenye roho mbaya. Huenda amesoma maandishi ambayo ninyi hamkuyasoma.

Mwenye wake wawili naye ajue mapema. Marekani humtambua mke wa kwanza tu katika mambo haya. Kumwandika mke wa pili kuwa dada ya mume si dawa, kwani uongo ukigunduliwa waweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote.

Uingereza ina mambo yake. Aliye raia au mkaazi wa kudumu kule, akitaka kumleta mwenziwe, alitakiwa tangu mwaka wa 2012 kuonyesha mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa kuwa pauni 29,000, nao mshahara wa mwenzi aliyeko Kenya hauhesabiwi. Kuna mtihani wa Kiingereza, na kupimwa kifua kikuu. Kuna ada ya viza yenyewe, na juu yake ada ya matibabu, iliyowekwa mwezi wa Februari 2024 kuwa pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya kwanza ya miezi 33 ni pauni 3,105 zilipwazo mara moja. Mtu auze ng'ombe wangapi! Na kanuni hizi hubadilika, kwa hivi asomwe yule mwandiko wa serikali wa siku ile ya kuomba, si barua ya shemeji ya mwaka juzi.

Wale walioajiriwa kule kutunza wazee wana habari nyingine, na kwa nyumba fulani za hapa ni habari ya uchungu. Tangu tarehe 11 Machi 2024 waliokwenda kwa viza ya kazi hiyo hawakuruhusiwa kufuatwa na mume, mke wala watoto. Tena wengi wao ni wanawake. Hapa yatupasa kubadili fikira zetu kidogo. Zamani mume ndiye aliyeondoka. Leo binti aliyesomea uuguzi ndiye aendaye kwanza, na mume abaki Magwagwa na watoto, akitukanwa sokoni kwamba anakula fedha ya mke. Maneno hayo yamewavunja watu wawili tunaowajua. Mume huyo ndiye awapelekaye watoto shule, ndiye awezaye kufuatilia cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, na akikimbilia Nairobi kwa aibu, karatasi za nyumba nzima hulala. Yafaa familia ziamue kabla ya binti kuondoka kama wako tayari kwa miaka hiyo, wala wasimtegemee wakala aliyesema, "Nenda tu, mume atafuata."

Juu ya mawakala hatutasema mengi. Yuko auzaye ndoa za karatasi, kijana wetu aandikwe mume wa mtu asiyemjua. Sheria ya Marekani yasema aliyeshiriki ndoa ya namna hiyo ili apate ukaazi, ombi lolote aombewalo baadaye halitakubaliwa, hata likiletwa na mke wake wa kweli. Chama hiki hakitaandika barua kwa ajili ya ndoa ya namna hiyo, aombe nani.

Akina mama watupe nafasi ya neno moja kwao. Mke afikaye Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili tu, na katika siku 90 za mwisho yeye na mumewe huomba pamoja kuondolewa sharti hilo. Wako waume watumiao jambo hili kama fimbo. Basi binti ajue kabla ya kupanda ndege: anayepigwa aweza kuomba peke yake pasipo sahihi ya mume, na pasipoti yake ni mali yake, si ya kufungiwa sandukuni na mtu mwingine. Mama mkwe aliye hapa akipigiwa simu ya kilio asijibu kwamba ng'ombe walikwisha kuliwa.

Halmashauri imekubali kufungua daftari, litakalokaa kwa Katibu, la kuandikia siku ya sherehe, wazee waliokuwapo na mashahidi wawili walio tayari kwenda kwa Msajili. Daftari hilo si cheti, wala halitapelekwa ubalozini. Ni la kutukumbusha sisi wenyewe kabla ya miezi mitatu kupita. Waliofunga ndoa mwaka huu waje mezani baada ya mkutano, wakiwa na vitambulisho vyao na vya mashahidi, na ambaye mwenziwe yuko ng'ambo atuambie siku anayotarajiwa kuja.