Siku 60 za Mfanyakazi Mgeni

Mfanyakazi mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya H-1B hukaa humo kwa udhamini wa mwajiri wake. Ajira ikikoma, msingi wa ukaazi wake nao hutikisika. Kanuni iliyoanza kutumika Januari 2017 humwachia muda usiozidi siku 60, au pungufu ikiwa kibali chake kitamalizika mapema zaidi. Siku hizo huhesabiwa tangu ajira ilipokoma. Kiinua mgongo, hata kiwe kinono namna gani, hakiongezi hata moja.

Mwajiri mwingine akiwasilisha ombi ndani ya muda huo, mfanyakazi aweza kuanza kazi kwake hata kabla halijaidhinishwa. Asipopatikana mwajiri, yamkini aombe kubaki kama mgeni mtembezi, lakini kazi ya ujira ni marufuku. Mwenye mume au mke aliye na viza kama hiyo aweza kuomba kuwa tegemezi wake.

Akiachishwa kazi kabla ya kibali kwisha, naye akaamua kurejea kwao, mwajiri hupaswa kulipa gharama ya safari. Hiyo ni haki, si hisani. Ila nauli hiyo ni yake peke yake. Watoto aliofuatana nao hawamo.