Deni la Rafiki Liandikwe



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, Alhamdulillahi tumefikishwa katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Mada yetu ni deni baina ya marafiki. Najua wengine mshaanza kuangaliana.

Wajua aya ndefu kuliko zote katika Qur'an yazungumzia nini? Wengi hudhani ni Swala au Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo ni ya kukopeshana. Deni lenye muda liandikwe, anayedaiwa ndiye atamke cha kuandikwa, na mashahidi wawepo. Hata deni dogo tusione uvivu kuliandika. Sasa tutazame sisi. Rafiki anapiga simu: "Nipige jeki na elfu mbili, mwisho wa mwezi nakurudishia, inshallah." Unatuma kwa M-Pesa, basi. Ukimwambia muandikiane, atakujibu, "Kwani huniamini?"

Maswahaba walioteremshiwa aya hii wakiaminiana kuliko mimi na wewe, na bado waliamrishwa. Mwanadamu husahau. Wewe wakumbuka elfu mbili, mwenzako akumbuka elfu moja na mia tano, kila mmoja yuko tayari kuapa, na hapana mwongo kati yenu. Urafiki wa miaka kumi unavunjika kwa mia tano!

Wengine husema ujumbe wa M-Pesa watosha. Hautoshi. Waonyesha jina, kiasi, siku na saa, lakini hausemi kama ni mkopo, ni zawadi, au ni wewe uliyekuwa ukilipa deni lako. Mwambie anayekopa akuandikie ujumbe mmoja tu: nimekopa shilingi 2,000 kwako, nitalipa tarehe fulani. Dakika moja haifiki.

Tena kuna mauti. Urithi haugawiwi mpaka deni la maiti litolewe, hayo yako katika Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12. Lakini jamaa zake watalijuaje? Hebu jione umeingia matangani, mama yake analia, nawe wataka kumwambia mwanawe alikuwa na pesa zako. Utaanzia wapi? Na ukifa wewe unayedaiwa je? Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu, hakuacha kitu cha kulilipa. Akawaambia Maswahaba wamswalie wao. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Dinari tatu, ndugu yangu.

Kukopa chenyewe si aibu. Mtume (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rahani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Aibu ni kuwa na uwezo kisha ukazungusha watu, na hilo Mtume ameliita dhulma. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wadaiwa elfu tatu tangu Rajab, simu hushiki, halafu siku ya Idd tunakuona na kanzu mpya na viatu vipya. Mwenye pesa zake naye yuko safu ya nyuma yako.

Nawe unayedai, mwenzako akiwa hana kweli, mpe muda, na kumsamehe ni bora zaidi: Baqarah, aya ya 280. Kumuanika kwenye grupu la WhatsApp la darasa ni kumvunjia heshima, na mimi naona ni kubaya kuliko deni lenyewe. Wala usimwambie aongeze mia mbili "ya soda". Ikiwa ni sharti, hiyo ni riba hata mkiridhiana. Akiongeza mwenyewe kwa hiari wakati wa kulipa, hakuna neno. Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yule.

La mwisho, kwa kuwa Ramadhani wengi hutoa zaka. Kuna wanaosema, "Fulani hawezi kunilipa, basi deni lile nalihesabu zaka yangu." Wanazuoni wengi hawakubali. Kama yeye ni fakiri, mpe zaka mkononi bila sharti, na akipenda kukulipa kwa pesa hizo, ni hiari yake. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako kabla ya Idd.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.