Mgonjwa wa Kansa na Sindano ya Chanjo

(Maneno waliyoambiwa wafanya kazi katika mkutano wa tawi, Gilgil)



Tunawashukuru kwa kuja, nyinyi mliotoka machimbo ya Kariandusi, nyinyi wa mashamba ya maua na ya ng'ombe, na nyinyi wa maduka na magari ya hapa mjini. Leo hatutasema juu ya mishahara. Tutasema juu ya mwenzetu aliyepatwa na kansa, na juu ya neno moja ambalo mara nyingi daktari hamwambii. Neno hilo ni chanjo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya. Iko chanjo ya kuzuia kansa. Mwezi wa Oktoba 2019 Serikali ya Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 ili kuwakinga na kansa ya mlango wa kizazi. Hiyo ni ya watoto ambao hawajaugua. Sisi tunasema juu ya mtu ambaye amekwisha kupatikana na kansa. Huyu hachanjwi ili kansa imtoke. Huchanjwa ili mafua makali, kichomi au Korona visimwangushe wakati anapotibiwa kansa.

Sababu ni hii. Dawa kali za kansa huua ugonjwa, lakini pia hupunguza chembe nyeupe za damu, nazo ndizo askari wa mwili. Askari wakipungua, homa ambayo wewe ungeipona kwa siku chache yaweza kumlaza yeye hospitali, na hata kumwua. Na kama haikumwua, mara nyingi matibabu husimamishwa mpaka apone. Mtu ametoka Gilgil mpaka Nakuru, kilometa kama 40, au amekwenda Nairobi kwa nauli ya kukopa, kisha arudishwa bila dawa. Siku ya kazi imepotea, na kansa haikumngoja.

Sasa, waliochunguza jambo hili katika nchi nyingi wameona mambo yale yale. Mgonjwa akiambiwa na daktari wake mwenyewe achanjwe, mara nyingi hukubali. Asipoambiwa, mara nyingi hachanjwi. Basi kwa nini daktari hasemi? Si kwa ubaya. Daktari wa kansa hudhani ya kuwa daktari wa zahanati amekwisha kusema. Yule wa zahanati naye huogopa kumdunga mgonjwa wa kansa bila ruhusa ya mkubwa wake. Kila mmoja humngojea mwenziwe, na mgonjwa yuko katikati. Tena foleni ni ndefu, dakika ni chache, na zote huishia kwenye kansa yenyewe.

Iko na hofu. Chanjo ya Korona ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Machi 2021. Lakini katika majaribio makubwa ya 2020, wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kansa kwa sehemu kubwa waliachwa nje. Daktari aliyeulizwa "Je, itamfaa huyu?" alikuwa na ushahidi mchache mkononi. Baadaye ushahidi ulipatikana, na vyama vya madaktari wa kansa vikashauri wagonjwa wachanjwe. Hata hivyo hofu ikiisha kuingia haitoki upesi.

Na tusiicheke hofu hiyo, maana ina jambo la kweli ndani yake. Chanjo ni za namna mbili. Ziko zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano. Hizo hazitolewi wakati wa dawa kali za kansa, kwa kuwa mwili dhaifu waweza kushindwa nazo. Ziko nyingine zisizo na kijidudu kinachoweza kuzaana mwilini, kama sindano ya mafua, ya kichomi, ya ugonjwa wa ini wa B, na za Korona zilizotumiwa hapa kwetu. Hizo kwa kawaida zaweza kutolewa. Bora zitolewe wiki 2 au zaidi kabla ya dawa za kansa kuanza. Kama dawa zimekwisha kuanza, daktari huchagua siku inayofaa. Kinga aipatayo mgonjwa yaweza kuwa ndogo kuliko yako, lakini kinga ndogo si bure. Ndiyo sababu wa nyumbani mwake nao wachanjwe, wasimletee ugonjwa.

Basi tufanye nini? Mgonjwa au ndugu yake aulize mambo matatu kabla ya dawa kuanza: Nichanjwe chanjo gani? Lini? Ipi nisiiguse? Aombe majibu yaandikwe katika kitabu chake cha hospitali, ili daktari wa zahanati ayaone asiogope. Asiende kununua sindano mwenyewe kabla hajauliza.

Na chama kina kazi yake. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Kwa mwenye kansa hizo ni chache mno, nazo ndizo kiasi cha chini tu. Mapatano yetu na matajiri yaweza kuzipita. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, lakini sindano ya mafua ya mtu mzima mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Tutakapoketi tena na matajiri, tudai siku za kwenda kliniki na bei ya chanjo za mgonjwa na watu wa nyumbani mwake.

Mwanachama mwenye mgonjwa amwone katibu wa tawi, apewe mtu wa kumsindikiza na kuuliza pamoja naye. Kuuliza si ujinga.