Kereng'ende Wembamba wa Matete

Ndugu msikilizaji wa Palma na Mocímboa da Praia, ukishuka mtoni asubuhi, yatazame matete. Utamwona kereng'ende mwembamba kama sindano. Akitua, mara nyingi hukunja mabawa mgongoni, tofauti na yule mnene anayeyatandaza. Jike hutoboa shina la mmea kwa ncha ya mkia, akataga mayai humo ndani. Mtoto huishi majini, akisaidiwa kupumua na vijani vitatu vya mkiani, na hula viluwiluwi vya mbu. Malaria twaijua sote, ndugu zangu! Basi tukisafisha kingo, tuzoe plastiki zote, lakini matete na mayungiyungi tusiyafyeke yakaisha. Ukingo ukibaki mtupu, jike hana pa kutaga.